Nguo Niliyofunga Siku Cyrille Alipoanguka

Mama Mushauri wa redio, nakuandikia na hasira, unisaidie kabla sijafanya kitu nitakachojutia.

Miye ni mama wa watoto watatu hapa Kalemie, na bwana yangu Cyrille ni mukata miti, anapanda juu ya miti ya ndani ya parsele, viwanja vya watu, na kupunguza matawi yanayolalia mabati, na kwa miaka sita miye njo ninamushikia kamba kutoka chini, kamba inafungwa kiunoni mwake, inapita kwenye panda ya muti, inarudi kwangu, na nikiiachilia yeye anaanguka. Zamani nilikuwa navaa pantalo nzito na mabote niliyochagua mwenyewe sokoni, hakuna aliyesema neno, mpaka wifi yangu Arlette, dada mukubwa wa Cyrille, alipotoka Kabimba kuja kukaa kwetu, akaniona asubuhi natoka akapiga kelele, "Cyrille, huyu ni bibi yako ao ni askari? Kanisani watasema nini?" na bwana yangu, anayeijua kazi ile kuliko mutu yeyote, akaangalia chini akasema, "Mama Néhémie, funga tu kikwembe, kazi ni ile ile." Nilikataa, kesho yake nikakuta pantalo imekatwa vipande vya kupangusia chini, na mabote Arlette amegawia watu sijui wa wapi, basi nikafunga kikwembe, kitambaa cha kuzungusha kiunoni, nikavaa kambambili za plastiki miguuni, nikanyamaza kwa sababu nilichoka ugomvi.

Wiki tatu zilizopita tulikuwa kwa Papa Germain aliyetupa kazi, kwenye muti wake wa mukalitusi, mvua imetoka kunyesha, Cyrille akaachilia tawi kubwa, likashuka vibaya, vijiti vyake vikanasa upindo wa kikwembe changu vikakivuta, kikafunguka mbele ya wanaume waliokuwa wanakusanya majani, na hapa Mama ninakuambia kitu ambacho sijamuambia mutu, niliondoa mukono mumoja kwenye kamba nishike kikwembe, mukono mumoja tu, kambambili ikateleza, kamba ikakimbia ikanichuna kiganja, nikamusikia Cyrille akiita jina langu, halafu nikamusikia akijigonga juu ya ukuta wa parsele.

Muguu umevunjika mahali pawili. Analala nyumbani, na kila mugeni akiingia Arlette anasema, "Muulizeni huyu kwa nini alimuachilia," na bwana yangu ananyamaza, Mama, ananyamaza! Na juzi ameniambia Jumamosi niende na rafiki yake Elysée tumalize muti ule, Elysée apande, miye nishike kamba. Nikamuuliza, "Nitavaa nini?" Akajibu, "Usianze tena." Nimuambie ukweli wa mukono wangu? Nivae pantalo nivunje nyumba, ao nifunge tena kikwembe?

Mama Néhémie, Kataki

*

Mama Néhémie, pole kwa muguu wa bwana yako, pole kwa kiganja chako. Pole inaishia hapo, maana hasira yako imenipata na miye, na nitaigawia kila mutu wa nyumba yenu.

Wewe kwanza. Miaka sita unashika roho ya mutu mikononi, unajua majani ya mvua yanavyoteleza, na ukasimama pale na kambambili eti ulichoka ugomvi? Ungesema asubuhi ile, "Bila mabote sishiki kamba," mungenuniana siku mbili, na leo Cyrille angekuwa anatembea. Hilo ni kosa lako, libebe. Lakini kushika nguo mbele ya wanaume si kosa. Mukono wa mwanamuke yeyote ungekwenda pale kabla hajafikiri. Ndiyo sababu nguo inayoweza kufunguka haina nafasi chini ya muti.

Kwa hiyo muambie leo, yote: "Niliondoa mukono nishike kikwembe ulichonifungisha." Arlette akiwa pale, vizuri, asikie.

Na wewe Papa Cyrille, najua redio iko karibu na kitanda chako. Dada yako anachagua nguo za mutu anayekushikia uhai, wewe unaangalia chini? Anamushitaki bibi yako mbele ya wageni, wewe unalala kimya? Hiyo njo aibu, si pantalo. Leo hii uwaambie wageni wako nani aliyesema "funga tu kikwembe."

Mama Arlette, kama pantalo inakuchoma macho, Jumamosi shika kamba wewe, na kikwembe chako cha kanisani. Elysée apande juu, tuone kama atakubali.

Mama Néhémie, rudi sokoni. Tafuta pantalo ya kitambaa kinene, isiyobana magoti, isiyopepea chini. Kabla ya kuilipa, chuchumaa nayo pale pale, inua mikono, vuta kama unavuta kamba. Wauzaji wakicheka, wacheke. Shati ya mikono mirefu yenye vifungo, uiingize ndani ya pantalo, maana siafu wa kwenye majani hawana adabu. Isiwe ya kijani. Elysée akiwa juu akuone haraka. Mabote ya kufunga, yanayopita kifundo cha muguu, yenye soli ya meno, si yale ya plastiki ya kuendea mvua. Gan za ngozi za mikononi, zinazokutosha sawasawa, zikiwa kubwa kamba inazivua. Kaske, kofia ile ngumu, kichwani, kitambaa chote ndani ya kaske, shanga ziache nyumbani. Na Elysée naye umukague: asipande na shati inayopepea karibu na musumeno.

Ikifika Ijumaa jioni na mabote hayajapatikana, usimutume mutu, nenda mwenyewe kwa Papa Germain umuambie Jumamosi hamuji. Akikasirika, akasirike. Muti haukimbii.