Bangili ya Kinyozi

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, ingawa najua hata usipokuwa mzima utaniambia u mzima. Mimi sijambo. Kazi ya kutunza wazee ni ile ile, nashika vijiko vya baba za watu kutwa nzima, na baba yangu mwenyewe hata sauti yake siisikii.

Nikikupigia simu, inaita mara moja unanikatia. Nikirudia, unakata tena. Sasa umeizima kabisa. Haya, nakuandikia kama watu wa zamani, tuone kama barua nayo utaikata.

Shangazi ameniambia yote. Umemkata Kelele kwenye taya, damu ikashuka mpaka kwenye kola, na wewe ukamwambia eti ni chunusi. Chunusi, Baba! Rafiki yako tangu hujaoa, mtu aliyenibeba mabegani kunipeleka shule, unamchana na wembe halafu unamsingizia chunusi? Daktari alikwambia wazi kwamba huo ni ugonjwa wa kutetemeka, si uchovu wala si uzee tu. Ukamwambia yeye ndiye mgonjwa.

Ndani ya kifurushi kuna bangili. Inavaliwa kwenye kifundo cha mkono, inapeleka umeme mdogo kwenye mishipa ya fahamu, na mkono unatulia kwa muda. Haiponyi, usije ukasema nimekudanganya. Hapa kazini kuna bibi anavaa kama hiyo, akimaliza anakunywa chai bila kujimwagia. Ila kwanza lazima ikupime. Unanyoosha mkono mbele, inasoma unavyotetemeka, ndipo inajua ikupe umeme wa namna gani. Shangazi ataiunganisha na simu yake, na vipimo nitaviona mimi huku.

Vaa. Sikubembelezi.

Binti yako


27 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo na huyu shangazi yako, wote wawili wananiuma. Natumaini na wewe u mzima, maana kwa ukali ule nilidhani una homa.

Usiangalie mwandiko, soma maneno.

Simu nimeizima kwa sababu nimetaka. Ni yangu. Ukipiga unanigombeza kama mtoto aliyelowesha kitanda. Mimi ndiye niliyekufundisha kufunga viatu, bibi wee.

Na ilikuwa chunusi.

Kelele hajaja tangu siku ile. Hajaenda kwa kinyozi mwingine pia, kwa hilo namsifu. Amefuga ndevu, zimemjaa uso mzima, kama mtu anayedaiwa na dunia. Akipita anapita upande wa pili wa barabara. Mtu ambaye hajafunga mdomo tangu azaliwe, na jina hilo alipewa kwa haki, ananipungia mkono kimya kimya na kuondoka! Hilo linanichoma. Nataka Kelele akae tena kwenye kiti changu, nimnyoe, anipigie kelele zake. Basi. Sina ombi lingine kwa mtu yeyote.

Bangili yako nimeivaa. Inatekenya kwanza, halafu inawasha kana kwamba siafu wameingia ndani ya mkono. Nimeivaa asubuhi na jioni kama ulivyoagiza. Mkono ni ule ule. Jana nimempaka mteja povu ndani ya pua, akapiga chafya kioo kizima kikawa cheupe. Hicho ndicho kitu chako cha maana ulichonitumia?

Baba yako


15 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Mimi sijambo, ila nimekasirika mpaka jana kazini nimemjibu vibaya mzee wa watu asiye na kosa.

Vipimo vimenifikia. Nimeviangalia, nikamwonyesha na muuguzi wetu ili nisije nikakuonea. Vinasema mkono uliopimwa hautetemeki. Umetulia kama ukuta! Sasa niambie, ni mkono wa nani? Umemvisha nani bangili yangu? Shangazi? Fundi viatu wa jirani? Shangazi mwenyewe anaapa ni wako, lakini simwamini, ni dada yako. Mtu mzima na mvi zako unanichezea mchezo wa namna hiyo, halafu unaniandikia habari za siafu?

Umenidanganya, Baba. Ungesema tu hutaki.

Basi na mimi nimechoka. Nimemwambia Shangazi azichukue nyembe zote akae nazo kwake. Wewe unafikiria heshima yako, mimi nafikiria shingo za watu. Siku utakapomkata mtu koo usitegemee nije kusema ilikuwa chunusi.

Binti yako


2 Aprili

Wewe,

Leo sina salamu, na afya yangu isikuhusu.

Shangazi yako alikuja nilipotoka nje kumwaga maji ya beseni. Niliporudi droo iko wazi, yeye amesimama na mkoba kifuani kama mwizi wa kuku. Amechukua zote. Amechukua mpaka ule wenye mpini wa pembe, niliourithi kwa babu yako. Nikamwambia rudisha, akasema ni amri ya binti yako. Amri! Tangu lini nyumba hii inatawaliwa kwa posta?

Na unaniita mwongo. Mimi. Niliyekulea kwa mkono huu huu.

Sasa sikiliza jinsi mwongo alivyopimwa. Nilikaa kwenye kiti cha wateja, shangazi yako akiwa ameshika simu. Nikavaa bangili mkono wa kulia. Nikanyoosha mkono mbele kama ulivyosema, nikaweka kidole cha mwisho kwenye ukingo wa meza kama ninavyokiweka shavuni kwa mteja, nikatulia, nikavuta pumzi, nikangoja mpaka ikalia. Tena nilifanya vizuri kuliko huyo bibi yako wa chai. Kinyozi hanyooshi mkono hewani bila pa kuegemea. Anayefanya hivyo anaomba lifti.

Mkono ni wangu. Mwongo ni hicho kidude chako.

Duka nimelifunga. Furahi. Usiniandikie tena.

(Sitii sahihi.)


20 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini unakula. Najua umenikataza kuandika.

Kidole, Baba! Kidole chako cha mwisho!

Nimesoma barua yako ndani ya basi, nikapiga kelele watu wakageuka. Wewe uliegemea! Ukiegemea mkono hautetemeki, ndiyo maana wewe na vinyozi wenzako mnaegemea. Bangili ikasoma mkono uliotulia, ikadhani huna shida, ikakupa umeme usiokufaa. Umefanya kazi vizuri mno mahali ambapo ilitakiwa uifanye vibaya.

Nimekuita mwongo na hukuwa mwongo. Naomba radhi, nimepiga magoti hapa jikoni ingawa hunioni. Nimemwagiza Shangazi akurudishie nyembe.

Lakini hasira yangu haijaisha, sikufichi. Miaka yote hii unauficha mkono huo. Unautia mfukoni, unaufunika na taulo, unaulaza kwenye bega la mteja ukijitia unamsimulia habari. Hata nilipokuwa likizo ulikuwa unaukalia wakati wa kula, ulidhani sioni? Nani amekwambia tutakucheka?

Pimwa tena. Simama katikati ya duka, mbali na meza na kiti. Inua mkono, uache ucheze utakavyo.

Binti yako


9 Mei

Nimesoma. Radhi yako nimeisikia.

Jibu ni hapana. Mimi nisimame katikati ya duka langu, mkono ucheze ngoma mbele ya dada yangu na simu yake? Nimeushikilia mkono huu usinitie aibu mpaka mabega yanauma, sasa nikauachie kwa hiari yangu? Hebu niache.

Nyembe zimerudi. Sizigusi.

Baba yako


6 Juni

Baba,

Shikamoo. Upo? Shangazi naye hapokei simu, wewe hujibu, na mimi huku sifanyi kazi ya maana. Nimeuweka mto wa bibi wa watu miguuni badala ya kichwani.

Kama umekasirika, kasirika, lakini niandikie mstari mmoja. Hata wa matusi.

Binti yako


28 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima. Shangazi yako alikuwa hapokei simu kwa sababu nilimkataza, nilitaka nikwambie mwenyewe. Natumaini mto wa bibi umerudi kichwani.

Matusi nilikwisha kuyatumia. Nilifunga mlango wa duka, nikasimama katikati. Nikamwambia shangazi yako atazame ukutani. Hakutazama ukutani. Nikainua mkono nikauachia. Lo! Mwanangu, ulicheza! Hata mimi sikujua umefika huko. Nikaanza kutukana, nikaitukana bangili, nikamtukana daktari, nikakutukana na wewe, samahani. Shangazi yako machozi yanamtoka, ananiambia, "Tukana, kaka, tukana tu, ila usishushe mkono." Sikuushusha mpaka kidude kikalia.

Tangu hapo siafu wamebadilika. Nikimaliza kuivaa, mkono unanitii kwa muda wa saa nzima hivi. Hautulii kama zamani. Unatulia kiasi cha mtu na mkono wake kuelewana.

Nikanoa wembe wa babu yako. Nikatoka mlangoni nikamwita Kelele kwa sauti, barabara nzima ikageuka. Akavuka. Kabla hajakaa nikamwambia, "Ile haikuwa chunusi." Akasema, "Nilijua, mpuuzi wewe, nilikuwa nangoja useme." Halafu akaanza kuongea, na hajanyamaza mpaka leo.

Nilipunguza ndevu kwa mkasi, nikanyoa shavu la kushoto, likatoka safi. Nilipohamia la kulia nikasikia mkono unaanza. Ningeweza kuegemea kidole niendelee, yeye asijue. Nikafuta wembe nikauweka chini. Nikamwambia, "Mkono umeniishia. Njoo kesho." Sijawahi kumwambia mteja maneno hayo tangu nianze kazi.

Basi akatoka na nusu ya ndevu. Yule kinyozi kijana wa mtaa wa pili akamwita ammalizie bure, Kelele akamtukana mpaka akarudi ndani. Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kabla yangu. Sasa ndivyo tunavyokwenda, shavu leo, shavu kesho, na wengine wawili wamekubali kunyolewa hivyo. Watu wanacheka. Wacheke.

Bado nina hasira na wewe. Umeniondolea nyembe kwenye droo kama mtoto aliyeshika kisu. Radhi ya barua haitoshi, utakuja kuisema hapa, umekaa kwenye kiti changu.

Na jambo moja zaidi. Simu sikuizima kwa kiburi. Nilikuwa nikiona jina lako, nataka kupokea, kidole kinaruka kinagusa pale pekundu. Unapiga tena, kinaruka tena. Nikaona bora udhani nimekukasirikia.

Nimeiwasha. Nitavaa bangili saa kumi jioni, siku zote, mpaka upige. Shangazi yako nimemwambia asinisaidie.

Baba yako