Kichwa Changu na Nyonga ya Kinyozi

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe, shemeji na wapwa wangu wote. Natumaini yale mafua uliyoyataja mara ya mwisho yamekwisha, na kwamba shemeji ameacha kuficha kikohozi chake kama siri ya serikali. Huku kwangu kazi ipo, cherehani inalia kama kawaida, kitambi kinaongezeka na nywele zinapungua, kwa hiyo hesabu yangu iko sawa. Barua hii anakuletea dereva wa lori niliyembadilishia zipu ya koti. Ukimwona mtu mwenye koti jeusi na zipu ya kijani, usicheke. Nyeusi ziliniishia.

Nataka nikusimulie ya Alhamisi iliyopita. Unamkumbuka kinyozi ninayekuandikia habari zake? Tumepanga chumba kimoja cha biashara miaka kumi na tisa sasa, yeye mbele na kioo chake, mimi nyuma na cherehani yangu. Tangu wifi yako atutoke, huyo ndiye mtu ninayezungumza naye. Wala si mazungumzo ya maana. Yeye hudai kwamba suruali zangu zimeshonwa kwa ajili ya watu wenye miguu mitatu, nami humwambia wateja wake wanaingia vijana na kutoka wazee. Ikifika saa kumi na mbili jioni tunafunga mlango, kila mtu anashika njia yake, na mimi sisemi tena neno hadi asubuhi.

Mwezi uliopita binti yake alimwita akaishi naye. Amejifungua mapacha, nyumba ina nafasi, na karibu yao kuna daktari wa mifupa. Kinyozi nyonga yake ya kushoto imeharibika. Mwenyewe hajawahi kuniambia, lakini fundi cherehani hafichwi kitu: kila suruali anayoniletea, pindo la mguu wa kushoto limesagika kwa kuburutwa. Nilipomuuliza amemjibu nini binti yake, akasema kwanza tufunge duka siku moja twende ile bustani kubwa ya jiji, safari ambayo tumeahidiana tangu nikiwa na nywele.

Sasa, dada, mimi nilikuwa na langu. Ni miezi mitano kichwa kinaniuma. Maumivu huanza nyuma ya jicho la kulia, yakapanda taratibu, kama mtu anayepitisha pasi ya moto upande mmoja wa fuvu na hana haraka. Duniani kuna watu wengi wa kuwaficha maumivu ya kichwa, isipokuwa kinyozi wako. Hicho kichwa amekishika kila baada ya wiki mbili kwa miaka kumi na tisa, anakijua kuliko mimi. Kwa hiyo nikaanza kumkwepa. Nilimwambia safari hii nafuga nywele. Akaniuliza zipi.

Basi Alhamisi nikavaa kofia, nikatia vidonge kwenye mfuko wa shati, nikabeba chupa ya maji, tukaenda. Mbinu yangu ilikuwa rahisi: kichwa kikinibana, nasimama na kulisifia ua lililo karibu mpaka maumivu yapungue. Kumbe mwenzangu naye alikuwa akiyangojea maua hayo apumzishe nyonga. Mimi nikisifu petali, yeye anasifu majani, tunaongeza na shina. Kufikia saa sita mchana tulikuwa tumelitazama kila ua kwa makini kiasi kwamba mtunza bustani alikuja kutuuliza kwa heshima kama tumetumwa kufanya ukaguzi. Kinyozi akamjibu kwamba ndiyo, na kwamba ripoti itakuwa mbaya.

Kisha akapendekeza tukodi mashua, zile ndogo za kukanyaga pedali kama baiskeli, kwenye bwawa la katikati ya bustani. Alidhani akikaa atapata nafuu, maskini. Alikuwa anakanyaga kwa mguu mmoja tu, nami nilikuwa nimefumba macho kwa sababu mng'aro wa maji ulinichoma kama sindano. Unaweza kukisia. Mashua ilizunguka palepale kama mbwa anayetafuta mkia wake. Watu wa ukingoni wakatupigia makofi, mwenye mashua akapuliza filimbi hadi akachoka, mwishowe akaja kutuvuta kwa kamba. Tulicheka, dada, sikumbuki lini nilicheka hivyo. Halafu katikati ya kucheka nikainama pembeni nikatapika. Nikasingizia mayai ya asubuhi.

Tulipofika kwenye benchi hakuuliza lolote kuhusu mayai. Alinivua kofia, akaweka vidole vyake kichwani mwangu kama afanyavyo kabla ya kushika mkasi, akaanza kwenye kipaji cha uso akielekea nyuma. Alipogusa juu ya sikio la kulia, nikaruka. Akaniuliza tangu lini. Nikasema wiki mbili. Akanirudishia kofia kichwani, akasema, kwa sauti ile ile anayotumia kumwambia mteja kwamba foleni ni ndefu, kwamba basi, haendi popote. Binti yake atasubiri. Nyonga yenyewe si kitu, watu wanaishi nayo. Hawezi kuniacha peke yangu na kichwa cha namna hii.

Dada, sasa nifikie nilichokalia tangu mwanzo wa barua hii. Nilimdanganya, na uongo wenyewe nimekutia wewe ndani. Nilimwambia asihangaike, kwa sababu dada yangu anakuja kukaa nami. Nilisema ulishafunga mizigo. Sijui ulitoka wapi uongo mtamu namna ile. Nikamweleza utakavyonikemea kuhusu vumbi, na unavyokoroma. Aliniangalia muda mrefu, halafu akafurahi mpaka nikaona aibu. Akasema ataondoka Jumatatu ijayo, ila baada ya kunikabidhi kwako mkono kwa mkono. Usipofika, anabaki.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kukuomba uje siku mbili tu, umridhishe mzee wa watu apande basi, kisha urudi kwako. Lakini acha niseme kweli. Daktari wa zahanati alikwisha kuniandikia nikapigwe picha ya kichwa, na akaniambia niende na mtu. Karatasi yake imekaa miezi miwili kwenye droo ya vifungo, kwa sababu sikuwa na mtu wa kumtaja. Na mwaka ule wifi yako alipofariki, ulipotaka kuja nikakuandikia usije, nina kazi nyingi, sikuwa na kazi hata moja. Nilikuwa nimekaa kitandani natazama viatu vyake. Pale bustanini, niliposema unakuja, kitu kifuani kililegea, nikajua kwamba sehemu kubwa ya uongo ule nilijiambia mwenyewe.

Naogopa, dada. Naomba uje.

Usinipigie mimi simu. Nitaanza mzaha wangu, na kabla hatujaagana nitakuwa nimekushawishi kwamba si lazima. Mpigie kinyozi, namba yake iko nyuma ya karatasi hii, umtajie siku utakayofika. Yeye hawezi kuongea na simu bila kupiga kelele, na mimi kuanzia kesho nitakuwa nashona kwa mkono ili cherehani isinizuie kusikia.

Mpe shemeji pole zangu kwa kumwazima mke wake bila ruhusa. Wapwa wabusu wote, hata yule mkubwa anayejifuta.

Ni mimi ndugu yako,
Kijiti, kama ulivyoniita utotoni