Mpira wa Breki Umekuwa Mfupi

Baba,

Tafadhali usimpeleke Mama hospitali kwa gari lako. Ulipoliinua kwa springi mpya ndefu, mpira wa breki wa mbele, ule unaopitisha mafuta hadi kwenye gurudumu, ulibaki ule ule wa zamani, mfupi. Leo asubuhi nilipokata usukani, mpira huo ulivutika kama kamba ya nguo, mafuta ya breki yakaanza kudondoka. Nilikuambia, ukacheka: "Chuo kimekufundisha uoga, mwanangu." Nikanyamaza, kama kawaida yangu.

Nimekwenda kutafuta mpira mrefu. Chai ya Mama iko kwenye chupa. Teksi itawafuata saa nne.

~~Ufunguo uko kwenye droo.~~ Hapana, Baba, naondoka nao. Najua utateremka mlima ule wa kwenda hospitali kunionyesha tu kwamba breki zinashika. Nigombeze nikirudi, mradi niwakute nyote wawili.

Binti yako