Majaribio ya Tahadhari ya Mafuriko

Subira, nimeharibu huku!

Asubuhi nilikuwa najaribu mfumo wa halmashauri wa meseji za mafuriko. Nilidhani nimechagua namba yangu tu. Kumbe nimechagua wenyeviti wote wa vijiji vya delta! "Mto umejaa, hameni sasa." Wote, Subira!

Mzee Gharibu, mwenyekiti mmoja kule visiwani, akapiga: "Bwana TEHAMA, wazee na watoto tumeshawapakia mitumbwini."

Tumeshawapakia!! Nikamwambia ni majaribio, washuke. Akakata simu.

Sasa hivi ofisi ya maji wamepiga. Maji yanakuja KWELI. Nimetuma tena ujumbe uleule.

Gharibu kajibu: "Imefika vizuri, bwana TEHAMA. Endelea kujaribu."

Nampigia, hapatikani.