Mabenchi ya Mwenyekiti

Jumatatu, tarehe 4

Shemeji,

Hujambo, na dada yangu hajambo? Mimi ni imara kama mlango wa mninga. Magoti yanalia kidogo, lakini hayo ni magoti, siyo mimi.

Usimtafute mwizi. Mabenchi sita ya ofisi ya chama nimeyachukua mimi, mchana kweupe, kwa mkokoteni. Niliyaranda kwa mikono hii. Eti mwenyekiti lazima asome ajenda bila kukwama kila neno! Mnaniambia mimi, mwanachama namba moja, seremala ambaye mji mzima unakalia kazi yake! Ndiyo maana nikatoka nikaubamiza mlango, ambao pia niliutengeneza mimi.

Sasa nina chama changu, Chama cha Mafundi. Watu ishirini na tisa wametia sahihi, na mimi wa thelathini. Karani wa usajili anataka thelathini kamili kabla ya tarehe 30, la sivyo hatusimamishi mgombea udiwani. Anasema jina langu bado limo kwenye daftari lenu. Wewe ndiye katibu. Niandikie barua kwamba nimetoka.

Shemeji yako, MWENYEKITI


Alhamisi, tarehe 7

Shemeji,

Barua yako imefika, na herufi zako bado zinatembea kama zimelewa. Sisi wazima. Dada yako anauliza kama unakula au unashiba hasira tu.

Kamati inasema: rudisha mabenchi, upewe barua.

Halafu nikwambie. Siku ile ulitoka nikiwa katikati ya maneno. Tulipendekeza ajenda isomwe na katibu, yaani mimi, na wewe ubaki mwenyekiti. Watu walishaanza kunyoosha mikono. Mlango ukalia pwaa!

Shemeji yako


Ijumaa, tarehe 15

Shemeji,

Salamu kwa wote. Mimi mzima, hata randa yangu inanisifu.

Hayo ya ajenda ungeyasema mapema. Sasa nimechelewa kusikia. Nikishatoka nimetoka. Na mabenchi hayarudi ng'o!

Chama kinapendeza mno. Jana tumekutana kwa saa tatu na nusu mfululizo. Mabenchi yangu ni laini, mtu akikaa hataki kunyanyuka, na kila mmoja anataka kuhutubia. Wawili wameshatishia kujitenga. Ajenda amesoma kinyozi. Kinyozi anasoma kama anavyonyoa: anaruka sehemu.

Siku zinakwisha. Barua!

Shemeji yako, MWENYEKITI


Alhamisi, tarehe 21

Shemeji,

Natumai magoti yametulia. Huku hatujambo.

Kaa na mabenchi yako. Tangu tuanze kusimama, mikutano inaisha kwa dakika ishirini, na wanachama wanatusifu njiani. Kamati imepiga kura: hatuyataki tena.

Barua yako nimeifunga humu, ina muhuri. Nimekukata daftarini. Jina lako nililiandika mwenyewe ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, miaka ishirini na sita iliyopita, wino ukiwa umetuchafua wote wawili. Juzi mkono ulinigomea. Dada yako ndiye aliyenishikia rula.

Nenda kasajili. Ukishindwa uchaguzi, usije ukasema nilikubania.

Shemeji yako


Alhamisi, tarehe 28

Shemeji,

Nyote hamjambo? Mimi nimesajiliwa! Karani alihesabu mara mbili, thelathini, akanipa mkono. Sahihi yangu ilitoka imelewa, lakini kalamu ni ya kwao, mbovu.

Ila umeniudhi. Mabenchi yangu mimi, kukataliwa? Kwa kura? Sijawahi kurudishiwa hata kigoda tangu nishike msumeno!

Basi asubuhi ya leo nimeliweka lile benchi fupi nje ya ofisi yenu, lile la nyuma tulilokuwa tunakaa wawili, wewe ukinisomea kwa kunong'ona na mimi nikijifanya nasoma. Huku halina kazi. Nimelikalia peke yangu wiki tatu, linaegemea upande mmoja. Nimelipima, miguu iko sawa.

Jumatatu nyinyi mnaanza saa tisa, na dakika ishirini mnamaliza. Mimi naanza saa kumi. Njoo unisomee ajenda. Kadi yako ya chama baki nayo, kura hupigi, na hotuba usijaribu. Benchi njoo nalo, sitaki kuazima viti.

Ukifika, usiubamize mlango. Mpya huo.

Shemeji yako