Nilimwambia Mkwe Wangu Kwamba Yakobo Ni Ngao ya Wafalme

Mshauri wangu mpendwa, kama umesimama tafuta kiti, maana mimi ninayekuandikia nimekaa chini tangu Jumanne na miguu bado haijakubali kurudi kazini. Nakuomba unisaidie kabla ya Jumapili inayokuja, la sivyo mjukuu wangu atabatizwa jina lingine na mimi nitabaki mzee asiye na wajina.

Mimi ni fundi viatu, na sisemi kwa kujisifu, ila mtaa huu mzima hakuna anayetembea ambaye sijamshika mguu. Hata mkuu wa polisi amekaa kwenye benchi langu na soksi, na ile soksi ilikuwa na tundu, nikanyamaza, siri za watu nazitunza. Shule sikusoma. Herufi nilijifunza kwenye soli, kwa sababu kiatu kikiingia lazima uandike jina la mwenyewe kwa chaki pale chini, bila hivyo jioni utampa mwalimu viatu vya mchinjaji. Sasa ukishaandika majina ya watu miaka arobaini na mbili, watu wanaanza kukuuliza, na mteja aliyevua kiatu kimoja hana pa kwenda, lazima muongee, basi ananiambia, "Babu, wewe unayajua majina, hili langu maana yake nini?" Na mimi, mshauri, sikuumbwa na ulimi wa kusema sijui.

Nawapa. Dada mmoja nilimwambia jina lake ni mvua ya kwanza, akaondoka anatabasamu, kiatu akakisahau. Fundi baiskeli, jirani yangu ukuta kwa ukuta, anaitwa Jemsi, yeye alinibishia siku moja mbele ya wateja, nikamwambia jina lako maana yake ni mtu anayefika chakula kimeisha. Mpaka leo namsalimia, "Habari, Mchelewa-Kula," naye ananijibu, "Nzuri, Mnusa-Gundi." Ndio maisha yetu, hatuna ugomvi.

Langu mimi ni Yakobo. Nililitafutia maana iliyonitosha kifuani: Ngao ya Wafalme. Nalisema hivyo tangu nachumbia, na nadhani ndilo lililomponza mke wangu.

Sasa mwanangu wa mwisho kapata mtoto wa kiume. Mke wake ni fundi wa kutarizi, ana cherehani yake, mtu wa adabu, ananiita baba na unasikia kabisa anamaanisha. Alinijia mwenyewe, sikumwomba. "Baba, tumekubaliana mtoto achukue jina lako. Nataka nilitarizi pamoja na maana yake. Hasa hasa ni nini?" Hapo hapo nilipata nafasi ya kuwa mtu wa maana, nikaiacha ipite. Nikamwambia, "Ngao ya Wafalme, mwanangu. Ni lugha ya zamani sana hiyo." Mtoto wa watu akakaa kwenye cherehani wiki tatu. Blanketi jeupe, uzi wa dhahabu, YAKOBO, NGAO YA WAFALME, na ngao yenyewe pembeni, na mikuki miwili ambayo mimi ndiye niliyeshauri iongezwe.

Jumapili iliyopita wakaita watu wamwone mtoto. Mmoja wa wageni ni rafiki wa mkwe wangu, mama wa miwani, mkalimani wa mahakamani, mtu anayehamisha maneno ya watu kutoka lugha hii kwenda ile mpaka jioni na haumwi kichwa. Akalishika blanketi, akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Nani kakwambia hivi?"

"Baba," mkwe wangu akasema, ananionyesha kwa kidevu, anajivunia.

"Mzee, umeyatoa wapi haya?"

"Kazini," nikamjibu.

"Pole. Yakobo halina ngao wala mfalme. Ni jina la Kiebrania, na tangu zamani wanalifasiri aliyeshika kisigino. Walizaliwa mapacha, yeye akatoka wa pili, kamng'ang'ania kaka yake kisigino. Alipokua akamdanganya baba yao, mzee haoni, akachukua baraka ya kaka yake. Ndio maana wengine wanalifasiri mlaghai."

Mshauri, damu yote ilishuka nikaisikia inafika kwenye soksi. Halafu mke wangu, yule yule niliyemchumbia kwa ngao, akapiga makofi mara moja akasema, "Kisigino? Na amekuwa fundi viatu? Jamani, ndio maana!" Nyumba ikalipuka kwa kicheko, mtoto akaamka analia.

Nikajaribu kujiokoa. "Hayo ni ya Waebrania," nikamwambia mkalimani. "Kwa wengine je?" Hapo ndipo nilipojimaliza. Akanihesabia kwa vidole. Waarabu wanasema Yakubu. Waitaliano Jakomo. Wafaransa Zhak. Wahispania wana Haime, na wana Santiago, yaani Yakobo mtakatifu. "Na Waingereza," akasema, "limezunguka huko na huko mpaka likawafikia likiwa Jemsi."

"Jemsi gani?" nikauliza.

"Jemsi huyu huyu wa kila siku. Ni jina lako, mzee. Limebadilisha nguo njiani tu."

Na fundi baiskeli alikuwepo! Alikuwa mlangoni na sahani yake ya pili. Akaiweka chini taratibu, kama mtu anayeweka yai. "Miaka thelathini," akasema. "Miaka thelathini unaniita Mchelewa-Kula, kumbe ni wajina wangu! Shikamoo, Mshika-Kisigino!"

Hayo yote ningeyameza. Lakini mkwe wangu hakucheka. Alilikunja lile blanketi mara mbili, mara nne, likawa dogo kama daftari. "Baba," akasema, "ungeniambia hujui, ningelitarizi jina tupu na ningekuheshimu vile vile." Akaingia chumbani na mtoto, mlango ukafungwa, wala haukubamizwa, afadhali ungebamizwa. Kesho yake mwanangu akaja kibandani, anaongea na viatu vyake: "Baba, mama mtoto anasema mwanawe hatabeba jina la mlaghai. Tutatafuta lingine kabla ya ubatizo." Nikamuuliza, na wewe unasemaje? Akasema, "Mimi nasema nimechelewa kazini."

Sasa nakuja kwenye aibu yenyewe, usinitukane kabla sijamaliza. Jumanne nilichukua kisigino cha mpira, cha buti, nikakichonga kwa kisu changu kikawa muhuri wa duara, nyota katikati, kuzunguka nyota OFISI KUU YA MAJINA. Ofisi hiyo haipo popote, ni mimi. Nikaenda kwa mpiga chapa akaniandikia barua kwamba inathibitishwa Yakobo maana yake ni Ngao ya Wafalme na vinginevyo ni uzushi. Nikagonga muhuri kwa rangi nyekundu ya viatu. Umetoka mzuri, mshauri, sijisifu, mzuri kuliko wa serikali. Ndipo nikautazama mkono wangu na muhuri ukanidondoka, kwa sababu nilikuwa nimeshika nini? Kisigino. Nilikuwa nafanya nini? Namlaghai mtu. Nimetetemeka mpaka misumari ikamwagika. Ina maana jina lilikuwa linaningoja miaka yote hii?

Bahasha iko kwenye droo. Niipeleke, mjukuu abaki na jina langu? Au nikae kimya aende na lingine?

Mimi, Fundi Viatu, niliyepigwa na butwaa.

*

Shikamoo, mzee wangu.

Barua yako niliisoma kwa sauti hapa ofisini, tukacheka mpaka aya ya muhuri. Hapo tuliacha. Mzee mzima, mwenye wajukuu, unachonga ofisi kutoka kwenye buti! Hiyo bahasha isitoke mlangoni kwako. Barua uichome leo, na muhuri uukate vipande vipande, na usijiachie kipande cha kumbukumbu eti kwa sababu umetoka mzuri. Nakujua.

Nilimpigia simu mwalimu mmoja wa lugha za kale. Anasema mkalimani hajakosea, ila hakumaliza. Kisigino kipo, na ulaghai upo, watu wamelisoma hivyo jina hilo tangu kale. Lakini wapo wataalamu wanaoona kwamba huko mwanzoni lilikuwa jina refu zaidi, likakatwa, na maana yake ilikuwa dua: Mungu amlinde.

Kaa chini! Najua umesharuka. Ndiyo, kulinda na ngao ni majirani. Lakini wewe hukujua, ulibahatisha. Ukipiga nyundo umefumba macho ukaupata msumari, utamwambia mteja ndio ufundi? Basi usimwendee mkwe wako na habari hii mkononi kama vile umeshinda kesi. Hayo atayasikia baadaye, kwa mkalimani, si kwako.

Na hilo la kutetemeka, kwamba jina lilikuwa linakungoja, liache. Mitume wawili waliitwa Yakobo. Kuna akina Yakobo mahakimu na akina Yakobo wapishi wa hospitali. Na kuna jirani yako Jemsi, mwenye jina hilo hilo, ambaye katika barua yako yote sijaona alipomdanganya mtu, kazi yake ni kula tu. Jina halikuchonga muhuri, mzee. Umechonga wewe. Shukuru, maana jina huwezi kulirekebisha, lakini mkono unaweza.

Sasa fanya hivi. Nenda kabla ya Jumapili, peke yako, mke wako abaki nyumbani na vicheko vyake. Mwambie mkwe wako kwamba hukujua na uliona aibu kusema hujui. Mwambie na habari ya muhuri, ndiyo, na hiyo pia, asije akaisikia kwa mpiga chapa. Omba lile blanketi uyafumue mwenyewe maneno ya uongo, uzi mmoja mmoja, na uanze na ile mikuki yako. Jina usiliombe. Mtoto ni wao. Wakimpa lingine, siku ya ubatizo utakuwa wa kwanza kulitaja kwa sauti, na ukiulizwa maana yake utasema, "Muulizeni mama yake."

Kitu kimoja mkalimani hakukusimulia. Yule Yakobo wa kwanza, baba yake alipomuuliza wewe ni nani, alitaja jina la kaka yake. Miaka mingi baadaye akashikana mweleka na mgeni, akamng'ang'ania ambariki, na mgeni akamuuliza swali lile lile: jina lako nani? Safari hii hakutafuta la kuazima. Akasema, Yakobo. Na baraka aliyoipata hapo hakumpokonya mtu.

Kwa hiyo bisha hodi. Sauti ya mkwe wako ikiuliza kutoka ndani, "Nani?", usijibu Ngao, usijibu hata Baba. Taja jina lako, kisha unyamaze, usubiri kuona kama atafungua.