Jibu Ulichoulizwa

4 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na Mama pia. Mimi sijambo, mafua yamekwisha, imebaki sauti ya chura, na wanafunzi wangu wanaifurahia kuliko somo lenyewe.

Majibu yako nayarudisha kwa basi pamoja na maswali mapya. Simu iendelee kukaa kabatini mpaka mtihani uishe, kama tulivyokubaliana, na mazoezi yote uandike kwa kalamu, maana mtihani wa uwakili bado ni wa mkono. Sheria unaijua. Tatizo ni lile lile lililokuangusha mara mbili. Swali liliuliza kama mjane anaweza kuondolewa katika nyumba. Nawe ukajaza kurasa nne, mpaka jinsi wakwe walivyomnunia. Mtahini hakuuliza habari za wakwe. Jibu ulichoulizwa, weka kifungu cha sheria, nyamaza. Darasani nalisema hili kila asubuhi, hata yule kijana tunayemwita Mheshimiwa kwa ajili ya tai yake hulimalizia kabla yangu. Hii ni mara yako ya tatu, na ya nne hairuhusiwi.

Je, Mama anakula? Dawa anatumia?

Dada yako

19 Februari

Kwako Dada,

Salamu zimefika, na pole kwa mafua. Mimi mzima.

Mama anakula. Dawa anatumia.

Majibu nimeambatanisha. La kwanza ni nusu ukurasa, usishtuke. Mwambie Mheshimiwa tai hailiwi.

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

U hali gani huko? Huku ni joto tu, na fundi cherehani wa chini ya darasa letu ameanza kushona na redio juu.

Nimeyasoma majibu yako nikidhani ni ya mtu mwingine. Mjane wa safari hii umempa mistari sita, yote ya sheria. Sasa unaandika kama wakili. Ajabu ni kwamba niliwakumbuka wale wakwe. Labda ni uchovu tu.

Mama analala vizuri? Umeshajiandikisha? Ukija kwa mtihani, kitanda chako nitakitandika karibu na dirisha.

Dada yako

2 Aprili

Kwako Dada,

Sisi tupo, namshukuru Mungu. Natumai na wewe upo.

Mama analala. Nimejiandikisha.

Mdogo wako

14 Mei

Mdogo wangu,

Natumai mko salama, ingawa sijui kama nina haki ya kutumai.

Siku moja kabla ya mtihani nilikaa kituoni mpaka basi la mwisho likashusha mizigo. Kesho yake nilisimama kwenye lango la ukumbi nikiwatazama wanafunzi wangu wakiingia. Mheshimiwa alikuja bila tai, akasema, “Mwalimu, leo hata shingo inataka nafasi.” Lango likafungwa. Nilirudi nyumbani, nikakitandua kitanda chako, nikapika, nikala, nikasahihisha karatasi. Niliisubiri hasira, haikuja.

Simu yako bado imezimwa. Nimezisoma barua zako upya na sikuona uongo hata mmoja. Basi nauliza, kama pengine nilivyopaswa kuuliza tangu mwanzo: hapo nyumbani kukoje?

Dada yako

21 Mei

Dada,

Asante kwa kuuliza.

Mama amenisahau tangu mwaka mpya. Ananiita kwa jina lako. Mwanzoni nilimsahihisha, naye akaubana mdomo, kijiko kikarudi kilivyokwenda. Siku moja nikaitika, akala. Kwa hiyo anakula. Dawa anatumia kwa njia hiyo hiyo. Analala, ila mchana. Asubuhi nilikuwa nikisoma sheria ya ardhi kwa sauti, naye akitulia. Anadhani ni wewe unajiandaa na mtihani wako wa zamani, na ananiambia nitafaulu tu, sina budi.

Kabla ya kusafiri nilimfundisha jirani kumlisha. Jirani akaniambia, “Nenda zako bibi wakili, mtu mzima hashindwi na uji.” Mama akamfungia mdomo kutwa nzima, na siku iliyofuata. Begi langu lilikuwa mlangoni, basi linapiga honi. Akaniita kwa jina lako. Nikaitika.

Sikukuficha, Dada. Nilijibu. Kama kuna tofauti, wewe ndiye mwalimu. Kuhusu mtihani sihisi chochote moyoni, nimejaribu. Jina langu siku hizi naliona kwenye bahasha zako tu.

Mdogo wako

25 Mei

Mdogo wangu,

Salamu nitakupa mkononi.

Sina hakika kama nilikufundisha vibaya, au niliuliza maswali madogo kwa sababu majibu yake yaliniruhusu kuendelea kukaa huku. Hilo nalo ni hitimisho, na mahitimisho yangu siku hizi siyaamini sana.

Kanuni inasema asiyefika mtihanini anahesabiwa kuwa ameshindwa, isipokuwa aoneshe sababu ya kutosha ndani ya mwezi mmoja. Andika maombi. Siwezi kukuahidi kwamba watakubali. Lakini safari hii usinisikilize: weka kijiko, weka jirani na uji wake, weka begi lililobaki mlangoni. Kurasa nne hazitatosha.

Darasa namwachia mwenzangu. Nakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi, na nitamlisha mimi wakati ukiandika. Jina langu pengine halitanisaidia, kwa kuwa sasa lina mwenyewe. Mama akikataa, nitajaribu lako.

Dada yako